Bisibisi Tayani

Miaka thelathini na minne nimetibu lifti za Genova,
mji uliouparamia mlima kwa magoti,
ambako bibi mwenye kikapu cha maboga
hupandishwa nyumbani kama barua ndani ya sanduku.

Ufundi wangu haukuwa mikononi.
Nilikuwa nikitia ncha ya bisibisi kwenye mota,
mpini nauegemeza kwenye mfupa chini ya sikio,
nafumba macho. Chuma hakijui kusema uongo.
Beringi iliyokauka hulia kama panya.
Kebo inayotaka kukatika hailii, hunong'ona,
na mnong'ono huo utaupata mapema
au hutaupata kamwe.

"Ermete," waliniambia, "una sikio la daktari."
Nikavimba kichwa.

Sikio la daktari! Na mwili wangu mwenyewe
niliuacha ukipiga kengele
kama lifti iliyokwama ghorofa ya nne,
mlinzi kaenda kunywa kahawa.

Goti la kushoto liliuma Alhamisi.
Si Jumatano, si Ijumaa. Alhamisi.
Nikalichua kwa dawa ya farasi, nikalifunga sufu,
nikazilaumu ngazi, nikaulaumu unyevu wa bandarini.
Besnik, kijana ninayemfundisha kazi,
Mwalbania, mchache wa maneno,
ndiye aliyeuliza huku akifuta grisi vidoleni:
"Alhamisi huwa unakwenda wapi?"

Kwa kaka yangu Agostino, kule Oregina.
Kula, kucheza karata, kutia sahihi.
Kila wiki karatasi mpya:
dhamana, mkopo, deni la kulipia deni,
nami nasema ndiyo kabla supu haijapoa.

Alhamisi iliyofuata nilijitega sikio.
Goti likaanza kwenye ngazi ya kumi na moja.
Mlangoni, tumbo likajikunja.
Kalamu iliponijia, taya likakaza,
taya lile lile lililonilisha maisha yote.
Nikasema: "Hapana, Agostino. Leo nimekuja kula tu."

Alinitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa lifti
akakuta shimo.
Tukala. Supu ilikuwa na chumvi nyingi.
Miaka yote ile sikuwahi kujua.

Msidhani goti lilipona.
Ni goti la mtu wa miaka sitini na mbili;
ila sasa linauma siku zote saba, bila upendeleo.

Basi nikajiona nimehitimu.
Nikaanza kuutii mwili kama askari mgeni.
Nilipoinua simu kumpigia binti yangu Orietta,
ambaye hatujasemezana tangu tumzike mama yake,
mkono ukatetemeka, koo likaziba,
moyo ukapiga kama nyundo kwenye bati.
Nikasema: umeona? Mwili umekataa.
Nikaiweka simu chini.
Mara tatu niliiweka chini, nikijipongeza kwa hekima.

Besnik tena, chumba cha mashine, Castelletto.
Tumewasha mota mpya, sakafu inatikisika,
kijana karuka nyuma: "Imeharibika!"
Nikacheka. "Hapana, mwanangu.
Ndivyo inavyotikisika ikianza kupanda.
Ukiiandikia ugonjwa, watu watalala chini."

Nilisikia nilichosema.
Nikakaa juu ya kasha la vipuri
mpaka kijana akaniletea maji.

Usiku ule nilisimama mbele ya simu bila viatu.
Mkono ulitetemeka vile vile, koo vile vile.
Lakini nilipoinama kutazama,
vidole vya miguu vilikuwa vimeelekea mbele.
Kwa Agostino, hata nikiwa nimekaa,
huwa vinatazama mlango.

Nikabonyeza namba.
Iliita mara tano. Mara sita.
"Haloo?"
Neno halikuja. Lilikwama kati ya ghorofa mbili.
"Haloo? Nani?"
Kisha kimya, kimya cha mtu aliyefumba macho
na kuegemeza kitu kwenye mfupa chini ya sikio.

"Baba," akasema.
"Nasikia unavyopumua."