Maneno Mema Yote ni Watu

Daftari langu la mizani lina kurasa za nyuma
ambazo mwajiri wangu hazijui.
Huko, kila Januari, huandika maazimio:
nipunguze sukari kwenye chai,
nimalize ukuta wa choo,
nihifadhi Juzuu Amma yote,
nisijibizane na wifi.
Mwaka jana niliandika tisa.
Panya wa bohari alikula matano,
manne yaliyobaki niliyala mwenyewe.

"Basi safari hii chagua neno," akasema Mize,
akichambua makonyo, hanitazami.
"Neno moja, si orodha. Livae kama pete,
ukishika jambo, lishike nalo."

"La mwaka upi?" nikamuuliza.
Maana hapa Wete miaka tunayo mingi:
upo wa kalenda ya benki ukutani,
upo wa Muharram,
upo wa Nairuzi, wenzetu wa Makunduchi wakipigana kwa migomba,
na upo wa mkarafuu, ambao huanza mti ukipenda.
"Wowote," akasema. "Neno halina tarehe."

Nikalala nikilitafuta.
Nilianza na Subira.
Lakini Subira ndiye huyo wifi yangu,
huingia ndani kwanza, hodi baadaye.
Nikaenda kwa Amani.
Amani aliuza shamba la mayatima wa kaka yake
na akasali safu ya mbele Ijumaa ileile.
Raha tulimzika Limbani, mimba ya miezi saba.
Shukuru nilimkopesha cherehani, ananikwepa sokoni.
Riziki anauliza kazi kila nikipita.
Saa nane za usiku nikatanabahi
kwamba kisiwani kwetu maneno mema yote
yameshakuwa watu,
na mtu havaliki kidoleni.

Asubuhi, foleni ya magunia.
Nikatia mkono katika la kwanza,
nikatoa karafuu moja, nikaivunja.
Ikapinda. Haikulia.
"Bado," nikamwambia mwenyewe.
Hakununa. Hakuapa.
Alifunga kamba, akabeba gunia lake,
akalirudisha juani.

Nikabaki nimeishika ile karafuu.

Bado!
Neno nililolitoa maisha yangu yote
kama mtu anayelipa faini.
Umeolewa? Bado.
Umejaaliwa mtoto? Bado.
Nina miaka arubaini na sita.
Kwenye harusi za Jadida, kwenye benchi la hospitali,
ndani ya boti ya Mkoani, bahari imechafuka,
na mwanamke nisiyemjua, mfuko wa kutapikia mkononi,
akanyanyua uso kuniuliza.
Na lugha yetu, kwa adabu yake,
hainipi ruhusa ya kusema hapana.
Huniachia mlango wazi hata nisipotaka upepo.

Lakini yule wa gunia
nilimpa neno hilohilo
na akalichukua kama jua.

Hakuna aliyemwita mwanawe Bado.
Halijauza shamba, halijakopa cherehani.
Husema halijawa,
na ukiligeuza tu, husema lingalipo:
bado sijafika, bado nipo,
bado marehemu mama ananiamsha alfajiri
kwa kikohozi chake.

Mize hakulipenda.
"Hilo la fundi wako wa choo," akasema.
"Analo tangu Ramadhani."
Tukacheka mpaka makonyo yakamwagika.
Ni kweli. Ukuta uko kiunoni,
na mimi huoga nimechutama.

Nimeliandika nyuma ya daftari, kwa penseli,
bila nambari mbele yake.

Alasiri akaja dereva wa lori kutoka Chake,
kijana, mdomo mwepesi, jina lake Makame.
"Mama, watoto wangapi?"
"Bado," nikasema,
nikimtazama yeye, si mizani.
Akafungua mdomo, akaufunga.
Kisha nikausoma mshale, nikaandika:
kilo thelathini, kasorobo.