Perez wa Nyalenda

Jumanne ni Uchumi, saa mbili asubuhi,
ukumbi ambao madirisha yake hayafungi.
Mhadhiri anachora mistari miwili ubaoni,
mmoja unapanda, mmoja unashuka,
na pale inapopishana anatia nukta ya chaki:
hapa ndipo soko linapotulia,
mambo mengine yote yakibaki vile vile.
Nikaandika: yakibaki vile vile.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

Alasiri ni Kihispania. Tuko tisa tu.
Watu hutuuliza, hapa Kisumu mtakizungumza na nani,
na kambare?
Mwalimu Khavere hana muda wa kuwajibu.
Anafungua kitabu kilichoshonwa kwa uzi wa kiatu
na humo, ukurasa wa kumi na nne,
Señora Pérez anakwenda sokoni kununua machungwa.
Kilo mbili. Anasema por favor, anasema gracias.
Haulizi bei.

Nikacheka peke yangu nyuma ya darasa,
maana kwetu Perez si jina la ukoo.
Perez ni shangazi yangu, Perez Adongo,
ana kibanda Nyalenda, njia ya Pandpieri,
na machungwa huyauza yeye,
matatu hamsini,
ukiwa na mtoto mgongoni, manne.

Siku hiyo tulifundishwa vitenzi viwili vya kuwa.
Soy: ndivyo nilivyo, tangu kuzaliwa hadi kaburini.
Estoy: ndivyo nilivyo sasa hivi, kesho sijui.
Darasa likaguna. Ouko akasema,
lugha gani hii ya kujisumbua?
Mwalimu akavua miwani.
Na Kiswahili je? Hamkusoma
yu hai, yu macho, yu radhi?
Mlikuwa nacho. Mmekiangusha njiani wenyewe.

Alhamisi, Sera ya Jamii.
Tukagawiwa hojaji, kurasa kumi na moja,
na penseli isiyo na kifutio, tukatumwa mitaani.
Nilianza na shangazi. Kwa uvivu, nakiri.
Umri. Watoto. Choo cha aina gani.
Swali la tisa: Je, kaya hii ni maskini?
Ndiyo. La. Weka alama penye jibu moja.

Perez alipangusa chungwa kwa pindo la leso.
Lini? akaniuliza.
Nikarudia swali, polepole, kama kwa mgeni.
Nimesikia. Nakuuliza lini.
Jumamosi nimelipa chama, nimepika nyama,
nimemkopesha Nereah mia mbili na sikumdai.
Jumapili usiku maji yakaingia, gunia zima likaoza.
Leo niko maskini mpaka saa kumi.
Watoto wa shule wakishapita hapa, njoo uniulize tena.

Niko, alisema.

Nikavitazama visanduku vile viwili.
Nikachora cha tatu pembeni, kimepinda,
nikaandika ndani yake: está.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu.
Jibu halisomeki. Rudia.
Hakuna aliyetaka kujua kwamba
nilikuwa nimeandika sahihi, hata alama ya mkazo
niliiweka mahali pake.

Basi nikarudia. Nikamkuta anapanga machungwa,
mazuri mbele, yaliyopondeka chini,
na kabla sijafungua mkoba nikamsimulia habari
za yule mama wa ukurasa wa kumi na nne.

Kilo mbili?
Kilo mbili.
Na haulizi bei?
Haulizi.
Wala hayabonyezi kwanza?
Kitabu hakisemi.

Akanyamaza. Akapiga hesabu fulani kwa vidole,
hesabu ambayo haina mistari wala nukta ya chaki,
kisha akacheka mpaka jirani akachungulia.
Huyo mlete, akasema.
Mpe salamu, mwambie, kwa hicho Kihispania chenu,
wajina wake yuko.