Saa Nne

Nesi wa Wete alisema, kalamu mdomoni:
"Hii na ile, Bi Raya, saa nne."
Nikaitikia, "Saa nne, inshallah,"
nikatoka na mfuko wangu wa nailoni.

Saa nne basi.
Ua limeshafagiwa, karafuu ziko jamvini,
naketi kizingitini, vidonge viwili kiganjani:
cha tezi, kidogo kama punje ya mtama,
na cha chokaa ya mifupa, kinene kama kokwa ya tende,
alichoniletea Sleyum kutoka Maskati
katika kopo lenye bibi wa Kizungu anayeruka kamba.
Bismillahi, maji, vyote kwa mpigo.
Vikashuka pamoja kama maharusi.

Miezi sita.
Joto la kaskazi, watu wanalala uani,
mimi najifunika blanketi.
Nywele zikabaki kwenye kitana.
Sauti ikanenepa; nikipiga simu
mjukuu husema, "Babu, shikamoo."
Wakasema kijicho. Wakasema uzee.
Wifi akasema jini, na bei ya kumtoa anaijua.

Na dawa sikuikosa hata siku moja.
Hilo ndilo lililoniuma.

Asaa wa duka la dawa
hakuniuliza nani ananichukia.
Aliuliza, "Unameza nini kingine?"
"Dawa nyengine sina. Hiyo chokaa tu."
"Tu," akasema,
akavua miwani.

"Chokaa huikumbatia dawa humo tumboni,
haiachi ipite. Wewe umeimeza, mwili haujaiona.
Saa nne si ya ukutani, bibi.
Ni mwanya baina ya hiki na kile."

Nikacheka hadi nikakohoa.
Lugha yetu hii! Neno moja, milango miwili,
nami nikaingia ule wa jikoni.

Sasa cha tezi ni maji matupu,
kabla ya adhana ya alfajiri, chai ingojee;
chokaa baada ya adhuhuri, wali umeshatulia.
Katikati hapo nafua, nagombana na kuku.
Damu itapimwa tena mwezi ujao,
na kopo lolote jipya, hata la majani,
Asaa kwanza alione.

Jana Sleyum kapiga:
"Mama, nikutumie na vya kuongeza damu?"
Ngoja, nikamwambia, kesho nikamuulize Asaa.
"Saa ngapi?"
"Saa nne," nikasema.
"Ile ya ukutani."