Nusu Kijiko

Gesi iliyobaki inatosha kuchemsha mara moja.
Nimeutikisa mtungi, nimeusikiliza kama daktari.
Sufuria ni la marehemu mama, limebonyea ubavuni
tangu siku lilipomponyoka kwenye ngazi za Keko,
na mpaka leo halikai sawa jikoni,
linainama upande mmoja
kama mtu anayetega umbea.

Maji kwanza.
Tangawizi ya Tandika, bado ina udongo kwenye mikunjo,
nimeiosha, nimeiponda na ganda lake.
Iliki sita. Ya saba imeruka yenyewe kinuni, nimeiacha.
Mdalasini, kipande cha kidole gumba.
Pilipili manga tatu za kuamsha koo,
karafuu moja. Moja tu. Ukizidisha
nyumba nzima itanuka jino linalouma.

Mchi unatwanga, Mama Nasriya anauliza ukutani:
"Pilau? Saa moja hii?"
"Chai!"
"Haya, naja na vitumbua."
Hakualikwa. Atakuja na vitano, atakula vitatu.

Maji yamekuwa rangi ya mto Kizinga siku ya mvua.
Hapo ndipo maziwa yanaingia,
maziwa ya Mwarami wa baiskeli
anayeapa kwa mama yake kwamba hayana maji,
nami kila siku namhurumia mama yake.
Majani vijiko viwili, moto chini,
na shingo isigeuke. Maziwa yana hila:
ukiyatazama yamelala,
ukifukuza paka yamepanda, yamefurika,
yamezima moto na kukuachia harufu ya aibu.

Sebuleni baba ameshika kadi ya kliniki.
Mwinjuma Pazi, karani wa bandari,
miaka thelathini na moja kitengo cha mizani,
na hakuwahi kunywa chai ya mtu.
Makontena yalipita, bahasha zilipita,
yeye akasema, chai yangu iko nyumbani.
Na kweli ilikuwepo:
kikombe cha bati, vijiko vinne vya kujaa,
karibu ijitafune yenyewe.

Sasa ana sukari, kwa hiyo hana sukari.
Kiswahili nacho kina utani mbaya.

Nimechuja. Nimemimina kutoka juu, povu likae.
Amepuliza, amepiga funda moja,
ametazama pazia muda mrefu.

"Hujatia."
"Nimetia, baba. Nusu kijiko."
(Uongo. Hata chembe.)
"Hujatia. Sikusikia."
"Hukusikia nini?"
"Kijiko."

Kisha, taratibu, kama anayesoma risiti ya zamani:
"Mama yako hakunitilia miaka sita.
Alikuwa anakoroga tu, kwa nguvu zake zote,
ting'i, ting'i, ting'i, mpaka huku nasikia,
na ulimi ukisikia, unakubali."

Miaka sita. Nami nilikuwa nakaa humuhumu,
nikidhani mama ana mkono mzito.

"Kwa hiyo ulijua?"
"Mwanangu, mimi nimepima mizigo maisha yangu yote.
Nishindwe kupima kijiko?"
"Na hukumwambia?"
Amenitazama kama niliyeuliza bei msibani.

Nimechukua kikombe, nimerudi jikoni.
Sufuria limeinama palepale, linasikiliza.
Nimekoroga. Kijiko kitupu, chai isiyo na kitu,
nimekoroga hadi mkono ukachoka,
hadi Mama Nasriya akagonga ukuta:
"We Mwanaidi, umevunja nini?"
Sijamjibu.

Kikombe kimerudi sebuleni.
Baba amefumba macho, amepuliza povu pembeni,
amekunywa funda refu la mtu aliyefika kwake.

"Mh," amesema. "Leo umezidisha."