Uzi wa Tatu

Mgalula alilileta limefungwa shuka la hospitali,
gitaa la mninga, zito kama mtoto aliyelala,
akalilaza mezani kwangu katikati ya simu zilizokufa.
"Fundi, huku chini linaimba. Huku juu linadanganya."

Isevya nzima umeme ulikatika tangu saa nne.
Basi nikainama, nikauma pembe ya gitaa kwa meno,
maana mbao husema kweli ndani ya fuvu
hata ampli ikiwa bubu.

Uzi wa sita: naugusa tu juu ya freti ya kumi na mbili, nauachia.
Kengele.
Kisha naubonyeza palepale.
Kengele na kidole: ndugu wa tumbo moja.
Wa tano hivyohivyo. Wa nne anachechemea,
robo mzunguko wa bisibisi ya miwani, amepona.

Wa tatu.
Kengele inasema hapa.
Kidole kinasema pale, juu kidogo,
kama mtu anayeitikia hodi kabla hujabisha.

Uzi ukibanwa hujivuta, hupanda. Si kosa lake.
Ndiyo maana huongezewa urefu kule nyuma, darajani,
kijinafasi cha kubanwa.
Wa Mgalula hakuwa nacho.
Kigoda chake kilikuwa kimesogea mbele, kimeganda
kwa kutu na jasho la miaka saba:
harusi, mahafali, baa ile nyuma ya stesheni.

Tone la mafuta ya cherehani. Nikangoja.
Treni ya Kigoma ikapiga honi, na yeye
akatazama saa yake, akasonya, kana kwamba anasafiri.
Nikalegeza uzi, nikarudisha kigoda nyuma, nikakaza, nikauma pembe.
Bado.
Nikalegeza tena. Bado.
Milimita mbili, na unywele juu yake.

"Huu wa tatu ni mtupu," nikasema. "Zamani ulifunga wa kuzongwa.
Ulibadilisha lini?"
"Mwaka ule," akajibu, akafuta jasho kwa lile shuka.
"Mwaka ule Kalunde alipoanza kuimba chini."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Nilikuwepo usiku ule, ukumbini Cheyo.
Alisimamisha bendi mbele ya maharusi,
akampigia noti ya kiitikio mara tatu,
kidole kimebana uzi mpaka ukucha umekuwa mweupe:
"Ifuate hii. Hii. Husikii?"
Kalunde alisikia.
Alikiweka kipaza sauti juu ya kiti, taratibu,
kama mtu anayemlaza mgonjwa,
na sasa anapima tumbaku ghalani Urambo.

Husemwa asiyejua kucheza husingizia uwanja.
Hapa uwanja ndio uliokuwa umepinda
na mchezaji akamsingizia mtu.

Sikulisema hilo. Nilimpa tu pembe ya gitaa:
"Uma."
Akauma. Mzee mzima, mkuu wa bendi,
meno kwenye mninga, macho yamefumba.
Nikagusa: kengele.
Nikabana.
Ikatua palepale alipokuwa akisimama Kalunde
peke yake, bendi nzima ikimkodolea macho.

Umeme ukarudi. Feni ikakohoa, redio ya jirani
ikaendelea na sentensi iliyoikata asubuhi.
Mgalula akalitoa gitaa mdomoni.
Kwenye rangi, alama za meno yake kando ya yangu.

"Fundi," akasema, sauti chini,
"unaweza kulirudisha lilivyokuwa?"

Skrubu huzunguka kote kote, nikamwambia.
Elfu saba kwenda,
elfu saba kurudi.

Hajajibu. Ameketi kwenye kiti cha wateja,
kuna mwanamke anasubiri simu yake, naye hamwoni.
Anaugusa uzi wa tatu, anauachia.
Anaubana.
Anaugusa.