Pazia la Kwanza

Ameileta imefungwa kwenye kipande cha kitenge,
Fed ya Kirusi, mkanda wa ngozi umekatika upande mmoja.
"Nusu ya picha inatoka usiku," kasema Somoe,
binti wa marehemu Likwati, yule wa studio
mkabala na ghala la ushirika, hapa Nachingwea.

Mimi ni fundi saa. Saa zimekwisha,
watu wanasoma wakati kwenye simu.
Nikamwambia, iache.

Mgonjwa asiyesema husikilizwa.
Vuta kwanza, ndipo ubadili kasi;
ukigeuza kabla ya kuvuta, Fed hukufia mkononi
(hilo nililijua kwa hasara ya mtu mwingine).
Moja ya thelathini: cha-ka. Inapumua.
Moja ya mia na ishirini na tano: imekwaruza kidogo.
Moja ya mia tano: mlio upo,
mwanga haupo.

Ndani mna mapazia mawili ya kitambaa cheusi.
La kwanza linafungua, la pili linafukuza kufunga,
na picha ni ule upenyo unaokimbia kati yao.
La pili likilikuta la kwanza njiani
upenyo unakufa,
bwana harusi anatoka, bibi harusi anamezwa.

Fundi mwenye pupa atalilaumu la pili: lina haraka.

Nikawasha televisheni ya kichogo,
sina king'amuzi, naitunza kwa kazi hii tu, inaonyesha chenga.
Nikaitazama kupitia mgongo wa kamera, nikafyatua:
mstari wa mshazari, mpana mwanzo wake,
ukakonda, ukakonda,
ukawa uzi.
La kwanza ndilo linalochechemea.
Mafuta ya miaka arobaini yameganda kwenye ekseli
kama utomvu wa mkorosho, na vumbi letu jekundu humo humo.

Hapo shetani hukunong'oneza: kaza springi.
Ukikaza, leo itakimbia,
Ijumaa itakatika.
Safisha kwanza. Petroli kidogo, unyoya wa kuku, mkono usiotetemeka.
Kisha robo ya mzunguko.
Robo, nimesema.

Nilidhani nimemaliza.
Usiku nikazima taa, nikaingiza tochi kwa mbele,
nami nikachungulia kwa nyuma:
kwenye kitambaa, nukta moja ya mwanga,
ndogo kuliko tundu la sindano.
Hili si la uzee. Hili ni jua.
Mtu aliiacha lenzi wazi, ikitazama juu,
nalo jua likachoma kama sigara inavyochoma shuka.

Ndipo nikaikumbuka ile nyota.
Wilaya nzima ina ile nyota:
kwenye kadi za ushirika, vipaimara, mahafali,
kitone cheupe pale pale, juu kidogo, kulia kidogo.
Likwati alikuwa akisema ndiyo muhuri wake,
picha isiyo na nyota si yake, usilipe.

Asubuhi nikamwonyesha Somoe.
Nikamwuliza kama tuache. Kwa ukumbusho.
Akaweka jicho, akakaa hapo muda mrefu.
"Ziba," akasema.
"Aliyetoboa ni mimi. Nilikuwa na miaka sita,
nataka kulipiga jua picha.
Baba hakuuliza nani."

Nikachanganya solusheni ya baiskeli na masizi ya kibatari,
nikadondosha kwa ncha ya njiti, nikapuliza.
Televisheni ikawashwa: mstari umenyooka unene wake,
mwanzo hadi mwisho.
Akalipa elfu kumi na tano, akasahau kitenge.

Nyumbani kuna picha ya ndoa yetu, ukutani juu ya kabati.
Nyota imemwangukia Mwanaidi puani
kama kipini. Hajawahi kutoboa pua.
Wageni humsifia, naye huinamisha uso, hakanushi.

Nimekula wali, nimenawa.
Sijamwambia.