Uchachu

Miaka ishirini na sita nimelipwa kwa ulimi.
Kijiko, fyonza, tema. Kijiko, fyonza, tema.
Ya Kibosho, ya Uru, ya Machame,
nami na penseli: uchachu wa chungwa bichi, safi;
hii imenusa moshi, irudisheni.

Siku hizi uchachu hauningoji mezani.
Unapanda wenyewe saa nane usiku,
haukualikwa, hauna kijiko,
unaniwasha koo kama kaa lililosahauliwa jivuni.

Nalala nimekaa. Mito mitatu.
Matofali mawili chini ya kila mguu wa kichwani,
na Aikaruwa, mke wangu, akiteleza polepole kuelekea miguuni
kila usiku, bila kulalamika,
mpaka alipolalamika.

Nimelamba magadi. Nimekunywa maziwa baridi, maji ya kabichi,
nimetafuna vidonge vyenye ladha ya chaki ya shule.
Mbege nimeiaga. Ndimu nimeiaga.
Kahawa, je?
Daktari akasoma kadi yangu, penye kazi,
akafunga kalamu.

Basi kila Alhamisi, kliniki ya ghorofani, karibu na mnara wa saa.
Ndeshi, binti wa Rombo, vidole baridi kuliko Mto Karanga,
ananibandika vipande vinne vinavyonata,
viwili juu ya kitovu, viwili mgongoni.
"Hakuna kisu, baba, wala sindano.
Juu ya tumbo kuna msuli, kazi yake kufunga mlango.
Wako unasinzia. Tunaugonga begani, basi."

Anazungusha kitufe.
Sisimizi. Kwanza wachache, waliopotea njia,
halafu msafara mzima wa siafu wenye adabu.
Nikacheka peke yangu:
umeme huu huu unaotukimbia Pasua kila tukishika pasi
leo umekuja mbavuni mwangu kuomba kazi.

Nusu saa. Dirishani Kibo kajifunua kidogo,
mithili ya mtu anayechungulia iwapo wageni wameshaondoka.

"Umepona?" anauliza Aikaruwa.
Sijui. Hili ni juma la tano.
Juzi nililiwa na moto ule ule.
Jana nililala mpaka majogoo.
Tumetoa tofali moja kila upande;
yaliyobaki, tumekubaliana, yasubiri.

Asubuhi nimeonja vikombe saba.
Cha nne kilinisimamisha.
Uchachu, nikaandika,
nikasita na penseli,
nikaongeza: unajua mahali pake.